Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi, mbuzi za baba yangu ziliisha huko Oldonyiro na shida ikaanza. Sitawaeleza hiyo shida sana. Njaa ni njaa, na wazee wengine wakianza kusimulia taabu zao hawanyamazi mpaka chai ipoe. Yatosha kusema tulifika Isiolo kwa miguu, tukajenga kibanda cha matawi na magunia pembeni ya mji, na shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu tumbo lilikuwa linaongea kwa sauti kuliko mwalimu. Haya maandishi ni ya mkono wangu. Mkiona neno limepinda, linyoosheni wenyewe.

Nawaandikia nyinyi mliobaki na sufuria zangu. Nimepika shughuli za watu katika huu mji tangu nikiwa msichana: harusi, ubatizo, kumpokea askofu, kumuaga mwalimu, na kuliko zote, matanga. Watu wakiniona napita na mwiko begani walikuwa wanasimama. "Mama Ana, ni nani tena?" Nilikuwa najua aliyekufa kabla pasta hajajua, maana pasta anaitwa kuzika, mimi naitwa kulisha, na watu wanaanza kuwa na njaa mapema.

Aliyenifundisha ni Mama Karimi, Mmeru mfupi, mkali, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anapikia kanisa letu. Siku ya kwanza sikuenda kwake kutafuta kazi. Nilienda kuomba ukoko wa wali.

"Wewe mtoto wa Turkana," akasema, "ukoko utapata. Lakini hiyo sufuria utaiosha wewe."

Ilikuwa sufuria ambayo ningeweza kulala ndani. Nilisugua masizi mpaka kucha zikaisha. Kesho yake nikarudi. Akachukua udongo na majivu, akakoroga na maji, akaipaka sufuria yote kwa nje kabla ya kuiweka motoni. Chakula kilipoisha, nikamwagia maji, masizi yote yakatoka na ule udongo kama nguo inavuliwa.

"Mama, na jana mbona hukuniambia?"

"Jana ulikuwa unataka ukoko. Leo unataka kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna karatasi yoyote.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, kwa sababu niliwapigia kelele nayo. Wali wa watu wengi haupikwi na moto wa chini peke yake. Ukikaribia kukauka, vuta kuni, funika na gunia lenye unyevu na mfuniko, halafu weka makaa juu. Nyama ya ng'ombe mzee inawekwa motoni kabla jogoo hajaamka. Chumvi inawekwa na mtu mmoja. Hiyo ya chumvi msiidharau. Kwenye matanga kila shangazi anayepita jikoni anaona uchungu wake utapungua akitia chumvi kidogo. Mimi chumvi nilikuwa naifunga kwenye pindo la leso, na shangazi akitaka kunisaidia nampa vitunguu. Vitunguu vinamsaidia kulia, na sisi tunapata vitunguu vilivyokatwa.

Lakini somo kubwa la Mama Karimi halikuwa la moto. Mtu akija kutuita, wapishi wengine walikuwa wanauliza kwanza watu watakuwa wangapi. Yeye alikuwa anauliza, "Nani anachinja?"

Nyinyi mliozaliwa hapa mnaona ni jambo la kawaida, lakini andikeni moyoni. Katika huu mji Mkristo akifa, Mborana jirani yake anakuja na jembe kuchimba kaburi. Msomali wa dukani anafunga duka, anakuja kukaa kwenye viti vya plastiki na wafiwa. Sasa utamwambia nini wakati wa chakula? Akuzikie mtu wako halafu aende nyumbani na njaa? Kwa hivyo ng'ombe wa mazishi ya Mkristo anachinjwa na Mwislamu, ili kila mtu ale. Na nguruwe hakuwahi kusogea karibu na sufuria zetu, hata kwa masihara. Mama Karimi alikuwa anasema, "Isiolo hakuna sufuria ya hawa na sufuria ya wale. Kuna sufuria."

Mchinjaji wetu alikuwa Mzee Halake. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa kijana wa Kiborana mwenye kisu kizuri na mdomo mbaya. Kila tukimwita alikuwa anauliza, "Nyinyi Wakristo mbona mnakufa siku yangu ya kupumzika?"

Na kabla ya kuwasha moto Mama Karimi alikuwa anashika ukingo wa sufuria na kuomba. Maombi yake yote yalikuwa haya: "Mungu, itoshe. Amina." Mimi nimesikia maombi mengi baada ya hapo, mengine marefu kama barabara ya Moyale, na sijasikia yanayozidi hayo.

Mume wangu nilimpata jikoni. Yohana Ewoi alikuwa anauza kuni kwa mkokoteni wa punda. Siku moja alituletea kuni mbichi, jiko likajaa moshi, nikamfuata njiani na kijinga cha moto mkononi.

"Hizi ni kuni au ni mboga?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko ambacho punda wake walikuwa wanasimama kukisikiliza. "Dada, ukizichukua hizi mbichi, nitalazimika kurudi kesho na kavu. Ndiyo maana nimezileta."

Basi, nikaolewa na mtu wa namna hiyo. Tulibatizwa pamoja, tukafunga ndoa kanisani. Kila jioni nyumbani kwetu tulikuwa tunaomba kabla ya kula, na Yohana alikuwa anaombea kila mtu, punda na wagonjwa na serikali, mpaka binti yetu Ana alipofika miaka mitano akajifunza kusema "Amina!" kwa nguvu katikati ya sentensi, na baba yake akawa hana la kufanya isipokuwa kufungua macho. Hiyo ndiyo dini iliyokuwa kwangu. Mungu alikuwa ni mtu wa nyumbani.

Kazi ngumu? Nitawapa moja. Kule Kambi ya Juu kulikuwa na harusi. Tulikuwa tumechinja, tumeteleka, bibi harusi anapakwa mafuta. Asubuhi hiyo hiyo baba yake akainuka kuvaa koti, akaanguka, akafa. Watu wote wakakimbilia kwangu, kwa nini sijui. "Mama Ana, tufanye nini na chakula?" Mimi nikasema, mimi najua moto, hayo mengine muulizeni mama mwenye nyumba. Mjane akatoka nje na macho makavu, akasema, "Mzee alikuwa amevaa koti la harusi ya mtoto wake. Ataingia mbinguni na koti la harusi. Nanyi muozeni mtoto." Wakawafungisha ndoa pale pale uani, mwili ukiwa chumbani na mlango wazi. Halafu tukapakua. Sufuria moja ikalisha harusi na matanga, na watu walikuwa wanalia na kuongeza. Siku hiyo Mama Karimi, ambaye hakuwahi kunisifu, alisema chumvi ilikuwa sawa.

Alikufa yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita, akaniachia sufuria tatu na huo mji. Kuanzia hapo nikawa mkubwa wa jiko. Hayo ya kusifiwa na kupandishwa yarukeni, twende kwenye kile ninachotaka mkijue.

Yohana alikuwa na mdogo wake, anaitwa Erot. Kwa Kiturkana Erot ni mtoto aliyezaliwa njiani, na kweli alikaa kama mtu wa njia. Akaenda Kinna kulima shamba la maji ya mfereji, akaoa msichana wa Kiborana, akasilimu, akaitwa Ibrahim. Yohana hakukasirika. Alisema, "Bora anaomba. Alipokuwa hapa alikuwa haombi kabisa." Walikuwa wanapendana sana hao watu wawili. Walikuwa wanaweza kubishana juu ya punda kwa nusu siku na kufurahi.

Halafu mama yao akafa, huko Oldonyiro. Mimi sikupika. Mke wa mtoto mkubwa anakaa na wafiwa, na kule hakuna mpishi, kuna wazee na desturi yao. Ng'ombe wa heshima kwa Waturkana hachinjwi, anapigwa mkuki. Baba yao mdogo, Apa Lomuria, alimpiga mkuki dume mkubwa, wakamchoma, wakakaa nusu duara jinsi wazee wanavyokaa, nyama ikagawanywa kila mtu na fungu lake. Fungu la Erot likaletwa mbele yake. Mke na watoto walikuwa nyuma yake.

"Apa, nisamehe," Erot akasema, pole pole. "Hii siwezi kula."

"Umekataa ng'ombe ya mama yako?"

"Sijakataa mama yangu. Nipe chai tu."

Yohana alikuwa amelia siku mbili, hakuwa na akili. Akasema mbele ya wote, "Kama nyama yetu ni chafu, nenda kwa wenye nyama safi." Erot akamwangalia. Akainua watoto wake mmoja mmoja, akaondoka, na chai hakunywa.

Hawakuonana tena kwa miaka. Ana alipoolewa, Erot alituma mbuzi na mtu mwingine. Yohana alikuwa anasema atampigia simu baada ya mvua. Mvua ilikuwa inakuja, inaisha.

Mwaka juzi koo la Yohana likaanza kukataa. Kwanza lilikataa nyama, halafu mkate, halafu ugali. Fikirini hilo: mimi niliyelisha nusu ya huu mji, mume wangu ndani ya nyumba yangu hawezi kumeza. Tulienda hospitali. Daktari, kijana mwenye heshima, alitueleza wazi kwamba ni kansa na imeenda mbali, kilichobaki ni kumfanya asiumie. Yohana akamshukuru. Tulipotoka nje akaniambia, "Huyo kijana ana sura nzuri. Angemposa Ana kabla ya huyu mume wake." Nikampiga begani, tukakaa kwenye benchi, tukalia, halafu tukatafuta gari la kurudi.

Siku chache baadaye alikuja jikoni na kigoda chake.

"Paulina, matanga yangu yatapikwa na nani?"

"Mimi sipiki matanga yako. Mjane hapiki."

"Basi unaona? Nimekula matanga ya kila mtu Isiolo, nimeleta kuni zake zote, halafu yangu yatapikwa na mtu mwingine na mimi nisiyaonje hata kwa pua. Hapana. Yapikwe sasa. Upike wewe, na mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Nilidhani dawa zimemzidi. Nikamwita pasta. Pasta wetu ni kijana mwembamba, mpole, anapenda mambo yawe na utaratibu.

"Mzee, Biblia haijasema matanga ya mtu aliye hai."

"Imekataa?"

Pasta akafikiri. "Haijakataa."

"Basi utahubiri. Ufupishe."

Lakini mimi niliyelala na huyo mtu miaka yote nilijua si nyama aliyokuwa anataka kunusa. Usiku hakuniambia, mchana hakuniambia, mpaka siku moja namwosha mgongo akasema, "Nataka Erot ale mkononi mwangu. Sitaki kumkuta mama huko na aniulize mbona mtoto wake aliondoka na njaa."

Hicho ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Tulikuwa na dume mmoja mweupe, tukamtenga. Mzee Halake akakubali kuchinja. Sasa simu. Yohana sauti ilikuwa imeanza kuisha, nikamshikia simu mdomoni.

"Erot. Jumamosi ni matanga yangu. Uje kula."

Nikasikia maji ya mfereji yanapita huko Kinna.

"Nani anachinja?"

"Halake."

"Nitafika."

Ijumaa wazee wa Oldonyiro wakashuka kwenye lori la mbuzi, Apa Lomuria mbele, na mkuki wake umefungwa kitambaa kwa sababu dereva alikataa uwe wazi. Niliuona huo mkuki. Nilidhani ni fimbo yake ya uzee. Nikawapa chai, wakalala.

Jumamosi alfajiri nikiwa nawasha moto wa chai nikasikia kelele za furaha nyuma ya nyumba, wazee wanaimba sifa za ng'ombe. Nikakimbia. Dume mweupe amelala chini, mkuki ubavuni, na Apa Lomuria amesimama juu yake kama bwana harusi.

"Apa! Umefanya nini?"

"Nimemheshimu mtoto wetu. Mnamwita mtu na kisu? Ng'ombe ya mwanaume haikatwi shingo kama kuku."

Mzee Halake akaingia wakati huo huo, na kisu chake kwenye gazeti. Akaangalia ng'ombe, akaangalia mkuki, akaniangalia.

"Salaam aleikum, Mama Ana. Mliniita kuchinja ama kutoa rambirambi?"

"Wewe ndiyo mtu wa kuku?" Apa Lomuria akamuuliza.

"Ndiyo mimi. Na kuku wangu wanakufa na adabu kuliko hii ng'ombe yako."

Ningewaacha wapigane, kusema ukweli. Nilikaa chini kwenye kuni. Watu wa kanisa walikuwa wanakuja, majirani wote Waislamu wamealikwa, Erot yuko njiani, na kile kile kilichomfukuza kimelala uani kwangu. Mwanakwaya mmoja, sitamtaja, akaninong'oneza, "Mama, si tunyamaze tu? Nyama ikishaiva nani atajua?"

Halake akasikia. "Mimi nitajua," akasema.

"Na mimi," nikasema, nikamwondoa jikoni yule mwanakwaya, akaenda kupanga viti.

Pasta akasema tununue nyama kidogo buchani, tuwapikie Waislamu pembeni, sufuria yao ndogo. Alikuwa na nia njema. Lakini Erot akae na sahani ya wageni nyumbani kwa ndugu yake? Na Mama Karimi alale vipi kaburini? Nikamwambia pasta, "Mwanangu, wewe nenda ukaandae mahubiri."

Nikaenda kumwambia Yohana. Nilidhani atavunjika. Alisikiliza yote, akaanza kutingishika. Nikadhani ni kifafa. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yanashuka.

"Huyo mzee," akasema, "hata kufa kwangu amenitangulia." Halafu kicheko kikaisha. "Piga simu. Asije akaona mkuki mlangoni akadhani tumemfanyia tena."

Nikashika simu.

"Erot, uko wapi?"

"Nimepita Garba Tulla."

"Ng'ombe imepigwa mkuki."

Nilihesabu pumzi za mume wangu. Zilikuwa zinakwaruza.

"Ni Apa Lomuria?" Erot akauliza.

"Ni yeye."

"Huyo mzee bado ana nguvu ya mkono?" Na nikasikia, wallahi kama wanavyosema majirani zangu, nikasikia kicheko. Kile kile cha kusimamisha punda. Sikuwa nimejua kwamba wanacheka sawa. "Mwambie aniachie njia. Nakuja hivyo hivyo."

Alishuka barabarani kabla ya saa sita, ndevu zimeingia mvi, amebeba beberu mweusi mabegani kama kijana, watoto wake nyuma yake. Kumbe mdogo wa mtu haji kwa mkubwa wake mikono mitupu, awe anaitwa Erot au Ibrahim. Hakuingia ndani kwanza. Alinyoosha njia mpaka jikoni kwangu, akamweka yule beberu miguuni pangu.

"Shemeji, sufuria iko?"

"Sufuria iko. Lakini huyo ni mmoja, na watu ni mji mzima."

"Wewe si ndiye mpishi?"

Sasa sikilizeni nilivyofanya, maana hii ni kazi. Dume mweupe mzima niliwapa wazee wa Oldonyiro, wakawasha moto wao nyuma ya boma, wakakaa nusu duara yao, kila mtu na fungu lake, wakawa na raha kuliko mtu yeyote. Halake akamchinja beberu. Nikamkata vipande vidogo kama kidole cha mtoto, mifupa nikaiponda ili itoe uboho wake, kichwa na miguu nikaviunguza, nikavitia vyote. Vitunguu nilitia mpaka msaidizi wangu akasema, "Mama, unapika vitunguu au mbuzi?" Nikavikaanga mpaka vikawa vyeusi karibu na kuungua, kwa sababu rangi ya vitunguu ndiyo inayomdanganya mlaji kwamba nyama ilikuwa nyingi. Kabla ya kumwaga mchele nikachota supu bakuli moja, nikaiweka kando. Halafu nikashika ukingo wa sufuria kubwa. Mungu, itoshe. Amina.

Erot alikuwa amekaa na Yohana uani. Hawakukumbatiana, hao si watu wa sinema. Erot alivuta kigoda, akashika kidole kidogo cha ndugu yake, wakaanza kubishana kuhusu punda fulani aliyekufa zamani. Nilipoleta supu, Yohana akanyoosha mkono kuichukua. Kijiko kikamponyoka, kikaanguka.

"Nilitaka mimi nikulishe wewe," akasema.

Erot akaokota kijiko, akakipangusa na kanzu, akachota.

"Nyamaza umeze."

Yohana akameza. Ilichukua muda, sisi sote tulikuwa tunameza pamoja naye. Ikashuka.

"Ile siku ya mama…" akaanza.

"Nimesema nyamaza umeze."

Akamaliza bakuli. Mtu ambaye kwa wiki nzima alikuwa anashindwa na chai. Daktari anaweza kuwa na maelezo yake, na mimi nina yangu, na sitagombana na daktari. Halafu Yohana akachukua punje za pilau kwenye sahani, akazibana na vidole vyake vitatu vilivyokuwa vinacheza, na Erot akainama akafungua mdomo kama mtoto. Nusu ilimwagika kwenye ndevu. Hakuipangusa.

Tukapakua. Pasta akahubiri kwa ufupi, nampa heshima yake. Watu wa kanisa, majirani, watu wa soko la mifugo, wote walikula sufuria moja. Ilitosha. Sisemi ilibaki. Katikati ya kula Apa Lomuria akaja kutoka nyuma ya boma, mafuta ya ng'ombe mpaka kwenye kidevu, akasimama mbele ya Erot.

"Wewe mtoto wa njiani. Hiyo mbuzi yako imebaki?"

"Apa, si una ng'ombe mzima?"

"Ng'ombe ni heshima. Mimi nauliza mbuzi."

Erot akamsogezea sahani. Mzee akakaa chini akala, akamwambia Halake aliyekuwa upande wa pili, "Kisu chako si kibaya." Halake akajibu, "Na wewe mkono wako si mbaya. Ni akili tu." Walikuwa marafiki mpaka jioni.

Kabla watu hawajaondoka Yohana aliwabariki. Alichukua maji mdomoni, akawanyunyizia watoto na wajukuu kama baba yake alivyofanya, na watoto wa Erot pia, wasichana wenye hijabu zao, wakafunga macho na kucheka maji yalipowapata. Halafu akasema maombi ya Kikristo, mafupi kwa mara ya kwanza maishani. Ana akachelewa kusema amina kwa sababu hakutegemea.

Aliishi mpaka mvua zikaanza. Alikufa asubuhi, dirisha wazi, Erot akiwa ameshika kile kidole na mimi nikiwa nasoma zaburi ninayoijua, kwa sababu ile nisiyoijua nasoma pole pole sana. Alikuwa ameshamaliza kuaga, hakuwa na la kuongeza. Sikuona hofu usoni kwake, na nyuso za watu wanaokufa nimeziona nyingi.

Siku ya mazishi kulikuwa na chai na mandazi. Basi. Watu wengine walinung'unika. Niliwaambia matanga mlishakula, na mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti. Leo tunaimba tu. Erot, Halake na vijana wa kwaya walichimba kaburi, na tuliimba mpaka sauti zikaisha. Sijawahi kuona mazishi mengine ambayo watu walikuwa wanasimulia hadithi za punda kaburini.

Baada ya hapo niliwaita nyinyi, nikawagawia sufuria. Si kwa huzuni. Magoti yamechoka na macho yamekula moshi wa kutosha. Na kazi yangu ya mwisho ilikuwa ile, sitaki nyingine iifunike.

Leo nina hivi. Kiwanja kimoja Bula Pesa, na hati yake. Nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, mabati mekundu. Tangi la maji. Punda mmoja mzee ambaye hafanyi kazi. Mbuzi kumi na mmoja. Kuku, hao hawana hesabu. Biblia ya maandishi makubwa. Sufuria moja ndogo ya mtu mmoja. Kaburi moja lililosakafiwa vizuri, na nafasi pembeni yake. Binti mmoja, wajukuu wanne. Na shemeji mmoja Kinna, ambaye kila Ijumaa akitoka msikitini ananipigia simu kuniuliza kama nimekula.